Madirisha ya Vioo vya Rangi: Je, Yafaa Makanisa ya Nchi ya Ugogo?

Katika sharika zetu za Dodoma na nchi yote ya kati ujenzi wa makanisa hauishi. Penye kanisa la udongo husimamishwa la matofali ya kuchoma, na penye bati lenye kutu huezekwa bati jipya. Na kila jengo lifikapo kwenye linta, wazee wa kanisa hukutana na swali lile lile: madirisha yatakuwaje? Wako wasemao kwamba kanisa lisilo na vioo vya rangi si kanisa kamili, bali ni ghala lenye msalaba juu yake. Wengine hujibu kwamba vioo hivyo ni anasa ya mijini, na fedha yake ingefaa kununua bati. Pande zote mbili husema kwa moyo, lakini mara nyingi husema pasipo kukichungua kitu chenyewe. Nia yetu katika makala haya ni kukichungua: kioo cha rangi ni nini, kilipendwa kwa sababu gani huko kilikotoka, kimefanya kazi gani katika makanisa ya zamani ya pwani yetu, na kikiletwa huku bara, penye jua la Ugogo, kitatupa nini na kitatunyima nini. Wahenga walisema, Nyumba njema si mlango. Nasi twauliza: je, nyumba njema ni dirisha?

Tuanze na kazi ya fundi, maana asiyejua kazi hawezi kuihukumu. Kioo hufanywa kwa mchanga safi uliochanganywa na magadi au majivu ya miti, pamoja na chokaa, vyote vikayeyushwa katika tanuru kali. Rangi haipakwi juu yake kama tupakavyo ukuta, bali hutiwa katika kioo kingali kikiyeyuka. Madini ya kobalti hutoa buluu. Shaba hutoa kijani, na moto ukigeuzwa namna nyingine hutoa nyekundu. Manganizi hutoa zambarau. Na dhahabu kidogo sana hutoa wekundu kama wa komamanga. Kisha fundi huchora picha yake kwa kimo kile kile cha dirisha, akakata vipande vya kioo kwa kuufuata mchoro. Nyuso, vidole na mikunjo ya nguo huiandika kwa wino mweusi wa unga wa kioo na kutu ya chuma, akavirudisha vipande motoni hata wino ushikamane na kioo usitoke tena. Tangu karne ya 14 mafundi walijua pia kupaka dawa ya fedha, ambayo ikichomwa huwa manjano. Kwa hiyo waliweza kuandika nywele za manjano na taji ya dhahabu katika kipande kimoja. Mwisho vipande vyote huunganishwa kwa vijiti vya risasi laini vyenye mfereji huku na huku, na dirisha zima hufungwa kwenye fito za chuma ili upepo usilisukume.

Katika maelezo haya yako mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, dirisha la namna hii si picha iliyowekwa kwenye kioo. Kioo na risasi ndiyo picha yenyewe. Ule mstari mweusi uzungukao kila rangi una kazi mbili kwa wakati mmoja: waushika mwili wa dirisha, tena waonyesha umbo la mtu. La pili, kazi hii haidumu pasipo kutunzwa. Risasi huchoka baada ya miaka mia moja au zaidi, dirisha huanza kufura na kujikunja, na hapana budi lishushwe, lifumuliwe na kuunganishwa upya. Basi atiaye dirisha la vioo vya rangi awaachia wajukuu wake uzuri pamoja na deni.

Sasa tutazame huko kazi hii ilikokua. Katika kanisa kuu la Augsburg, Ujerumani, yako madirisha yenye sura za manabii, yahesabiwayo miongoni mwa ya kale kabisa ambayo yangali mahali pake. Umri wake ni kama miaka 900. Kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, lina vioo vya rangi vya kadiri ya mita za mraba 2,600, vingi vyake vya karne ya 12 na ya 13. Katika siku hizo Wakristo wengi wa Ulaya hawakujua kusoma. Zamani za kale zaidi, kama mwaka 600, Papa Gregori Mkuu alimwandikia Askofu Serenus wa Marseille, aliyekuwa amezivunja picha kanisani kwake, akamwonya kwamba picha haziwekwi ili ziabudiwe, bali ziwe kwa asiyejua kusoma kama kitabu kilivyo kwa asomaye. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya madirisha yale, na husemwa sana.

Iko sababu ya pili isiyosemwa sana, nayo ni jua. Nchi za kaskazini ya Ulaya zina jua la upole. Wakati wa baridi halipandi juu, bali hutambaa karibu na upeo wa nchi, na adhuhuri huwa upande wa kusini siku zote za mwaka. Mawingu ni mengi na giza huingia mapema. Katika nchi kama hiyo mjenzi huutafuta mwanga kama sisi tutafutavyo maji. Akitoboa ukuta wa kusini na kuujaza vioo, jua la chini hupita ubavuni mwa kanisa tangu asubuhi hata jioni, na rangi huwaka mchana kutwa bila kumchoma mtu. Dirisha la rangi, basi, halikubuniwa na mtu aliyependa mapambo tu. Lilikuwa jibu la shida mbili za mahali pale: watu wasiosoma na nchi isiyo na mwanga wa kutosha.

Hata huko halikupendwa na wote. Katika miaka ya 1643 na 1644, kwa amri ya Bunge la Uingereza, mtu mmoja jina lake William Dowsing alizunguka katika makanisa ya Suffolk na Cambridgeshire akivunja picha za vioo, kwa kuwa aliziona kuwa ni sanamu. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba ubishi wa wazee wetu juu ya vioo ni ujinga wa watu wa shamba. Wenye elimu nyingi walibishana hivyo hivyo, tena kwa nyundo.

Turudi kwetu. Kanisa lijulikanalo kuliko yote katika pwani yetu kwa historia yake ni Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja. Mahali lilipo palikuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, ambaye wasomaji wetu wamfahamu kwa kazi yake katika lugha ya Kiswahili. Aliliezeka kwa kuba ndefu ya saruji na mawe ya matumbawe, pasipo boriti hata moja, na kuba hiyo ingali imesimama. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Ndani ya kanisa hilo limo dirisha la rangi lililowekwa kwa ukumbusho wa mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika kazi ya kuyazuia majahazi ya watumwa. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari kweli kweli. Wengi waliuawa na homa, na wengine kwa silaha. Kapteni Brownrigg wa manowari iitwayo London aliuawa karibu na Pemba mwezi wa Desemba 1881, alipolikamata jahazi moja. Watu wale walistahili kukumbukwa, wala hatusemi neno lolote la kulipunguza deni tuwiwalo nao. Dirisha lasema kweli.

Lakini kusema kweli si kusema kweli yote. Mahali pale palisimama maelfu ya watu waliotazamwa meno na misuli, wakauzwa. Wengi wao walitoka pande za Nyasa kwa njia ya Kilwa. Wako na waliokuja kwa njia ya misafara itokayo Tabora kwenda Bagamoyo, nayo ilikatiza nchi yetu ya Ugogo. Wazee wetu waliiona misafara hiyo. Watemi waliitoza hongo, na watu waliiuzia maji na nafaka. Kwa hiyo habari ya Mkunazini si habari ya watu wa pwani peke yao, wala si habari ya mwokoaji na mwovu tu. Ndani yake tumo na sisi, tuliosimama kando ya njia. Dirisha la ukumbusho lina mahali pa yule aliyeweza kuagiza kioo Ulaya, au aliyekuwa na ndugu wa kumwagizia. Mtumwa hakuwa na wa kumwagizia, na sisi tuliotazama hatukupenda kukumbukwa. Kasoro hiyo haitokani na ufundi wa vioo. Yatokana na desturi ya ukumbusho: jina huandikwa kwa fedha, na asiye na fedha hupita bila jina.

Vitu viwili vya mahali pale vyatuonyesha kwamba ingaliwezekana kufanya namna nyingine. Kimoja ni msalaba wa mti ulio ndani ya kanisa. Mti wake ulitoka Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, penye ule mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Dk. Livingstone, aliyefariki mwezi wa Mei 1873. Susi na Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake kwa miguu hata Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Msalaba ule ni mti mtupu, hauna rangi wala dhahabu, lakini amwonaye Livingstone ndani yake hana budi kuwaona na wachukuzi wake, kwa sababu mti na safari ni vya nchi hii. Kitu cha pili kiko nje, uwanjani. Mwaka 1998 mchongaji wa Sweden, Bi. Clara Sörnäs, aliweka pale sanamu za watu watano ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni. Wageni huingia kanisani, wakatazama vioo, kisha hutoka na kusimama kimya penye shimo. Kile ambacho kioo hakikukisema ndani, jiwe lilikuja kukisema nje, zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Neno la pili la kuyahukumia makanisa ya pwani ni nyuso. Madirisha ya zamani, kama yale ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, yaliletwa toka Ulaya. Mafundi wake walizichora nyuso walizozijua: mashavu meupe, nywele za rangi ya majani makavu, na vazi la mfalme wa Ulaya. Hatuwalaumu, kila fundi huchora jirani zake. Bali twaona ajabu moja. Askofu Steere na wenzake walijitaabisha miaka mingi kulitia Neno katika Kiswahili, na huku kwetu Injili zilianza kupigwa chapa kwa Chigogo kabla ya mwaka 1900. Walijua kwamba mtu hawezi kuamini vema kwa lugha asiyoiota usingizini. Basi maneno yalitafsiriwa, lakini picha hazikutafsiriwa. Sikio la Mkristo wa Afrika liliambiwa kwa lugha ya mama yake, na jicho lake likaambiwa kwa lugha ya kigeni, ndani ya nyumba ile ile, katika saa ile ile.

Kwamba picha nazo zaweza kutafsiriwa, jambo hilo limekwisha kuonyeshwa. Mwaka 1959 Bwana Elimo Njau, mwenyeji wa Marangu, Kilimanjaro, aliandika picha tano ukutani mwa kanisa la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, katika nchi ya Kenya: kuzaliwa kwa Bwana, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane, na kusulibiwa. Humo Bwana Yesu ni mtu mweusi, na nchi aliyomo ni milima na mabonde ya Wakikuyu. Hazikuwa za kioo, bali za rangi juu ya ukuta. Lakini zilifanya kazi ile ambayo madirisha ya Chartres yaliwafanyia Wafaransa wa zamani, yaani, ziliileta Injili mlangoni pa mtazamaji. Mfaransa wa karne ya 13 alipotazama juu aliwaona waoka mikate na maseremala wa mji wake chini ya miguu ya watakatifu. Hatukuomba upendeleo, twaomba lile walilojipa wao wenyewe.

Sasa tupande bara. Mji wa Dodoma uko kama mita 1,120 juu ya bahari, na kama digrii sita kusini ya ikweta. Maana yake ni hii: jua la adhuhuri hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na hata mwezi wa Juni, liwapo mbali kabisa kaskazini, adhuhuri halishuki chini ya theluthi mbili za njia ya kupanda utosini. Jua la namna hii haliingii dirisha la ubavuni. Hulipiga bati, na upenu hulitia dirisha kivulini. Kwa hiyo vioo vya rangi vikitiwa katika kuta za kaskazini na kusini chini ya upenu wetu, havitawaka kama vya Ulaya. Vitafifia tu, na kanisa litakuwa jeusi mchana kweupe, hata mzee ashindwe kukisoma kitabu chake cha nyimbo.

Madirisha yapatayo jua lenyewe ni ya mashariki asubuhi na ya magharibi jioni. Hapo rangi huwaka kweli. Lakini ibada zetu ni za asubuhi, na dirisha kubwa la mashariki likiwa nyuma ya madhabahu, jua la saa moja huwapiga watu machoni, na uso wa mhubiri huwa kivuli cheusi. Watu huona kioo, hawamwoni anenaye. Kanisa ambalo uso wa mchungaji hauonekani kwa sababu ya uzuri wa dirisha limekosea mahali fulani.

Tena liko jambo la hewa. Dirisha la risasi kwa kawaida halifunguki. Wazee wa Ugogo walijenga tembe, lenye dari ya miti na udongo na matundu madogo, kwa kuwa walijua kwamba katika nchi hii mwanga na joto ni ndugu: umkaribishapo mmoja, mwingine huingia naye. Giza la tembe lilikuwa ni ubaridi wa mchana na joto la usiku. Sisi tumeacha udongo tukachukua bati. Sasa tukiziba na madirisha kwa vioo visivyofunguka, mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, kanisa lililojaa watu litakuwa tanuru, na watoto watalia, na mama zao watatoka nje na kukosa mahubiri. Na upepo wa kiangazi wa nchi yetu hubeba vumbi jekundu. Katika miezi kuanzia Mei hata Novemba kioo kisichooshwa huwa cha rangi moja tu, nayo ni rangi ya barabara.

Kwa sababu vioo vya kweli vina gharama kubwa, siku hizi umeenea mtindo mwingine. Ni karatasi za plastiki zilizopigwa chapa rangi na picha, hubandikwa juu ya kioo cheupe. Kwa mbali hufanana na kazi ya fundi, na bei yake ni ndogo. Hatuzikatai kwa sababu ya urahisi wake. Umaskini si aibu, na ua la karatasi katika harusi ya maskini ni ua la heshima. Twazikataa kwa sababu mbili. Kwanza, jua letu huzipausha, na pembe zake hubanduka, hata Mtume Petro akabaki hana uso. Pili, mstari mweusi uliochapwa ndani yake wajifanya kuwa risasi, lakini haushiki kitu. Tumekwisha kuona kwamba katika dirisha la kweli mstari ule ndio mifupa. Kuchapa picha ya mifupa mahali pasipo mifupa ni kujivika kilemba cha mtu mwingine. Heri kioo cheupe kilicho safi, ambacho hakidai kuwa kitu kingine.

Twajua kwamba wako ndugu watakaosema, Kwa nini mnajisumbua na picha? Makanisa mengi ya nchi yetu tangu hapo mwanzo yalikuwa na kuta tupu, na imani haikupungua. Neno lao ni zito, na hatulipuuzi. Wana na ushahidi wa Maandiko, maana Mfalme Hezekia aliivunja nyoka ya shaba aliyoitengeneza Musa, alipoona watu waifukizia uvumba. Lakini Maandiko hayo hayo yasimulia habari za Bezaleli, fundi aliyejazwa hekima kwa kazi ya dhahabu, fedha na vito. Basi picha yenyewe si dhambi wala si wokovu. Kwa maoni yetu hatari ya Ugogo leo si kwamba mtu atalisujudia dirisha. Hatujamwona wa kufanya hivyo. Hatari ni kwamba mtoto atakaa mbele ya dirisha miaka kumi na miwili, Jumapili baada ya Jumapili, bila mtu kumweleza lolote, akatoka na fundisho moja tu: kwamba mbinguni ni Ulaya. Hilo ni fundisho la uongo, nalo limefundishwa kanisani, kwa gharama ya mavuno yetu.

Watasema wengine, Basi nchi yetu haina desturi ya picha, tuache. Hapo twajibu kwa nguvu kwamba si kweli. Nenda Kolo na sehemu nyingine za Kondoa, upande wa kaskazini wa nchi yetu ya kati. Katika mapango na chini ya majabali zimo picha zilizoandikwa na watu wa kale: twiga, pofu, na watu warefu wembamba, kwa rangi nyekundu ya udongo wa chuma, na nyingine za baadaye kwa rangi nyeupe. Bi. Mary Leakey alifanya kazi ya kuzinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 mahali hapo paliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Waandishi wa picha zile hawakuagiza rangi mbali. Waliisaga kutoka katika nchi waliyoikanyaga. Wala hawakuandika mahali po pote. Walichagua jabali lenye kivuli, ambapo mvua haifiki wala jua halichomi, lakini mwanga wa nje wapafikia. Hao walijua mwanga wa nchi hii. Hatusemi tuige mambo yao ya ibada. Twasema tujifunze akili yao ya kuchagua mahali.

Wala ufundi wa vioo si siri ya Wazungu. Kule Kitengela, karibu na Nairobi, kiko kiwanda kilichoanzishwa na Bi. Nani Croze, ambamo mafundi wa Afrika Mashariki huyeyusha vioo vilivyotupwa, vya chupa na vya madirisha, wakafanya madirisha ya rangi, na mengine yamewekwa makanisani. Kwa hiyo kijana wa Dodoma mwenye jicho na subira aweza kujifunza kazi hii bila kupanda merikebu. Tunao vijana wafumao shanga za rangi nyingi bila kukosea hesabu, na wachungaji wa ng'ombe wazijuao rangi za ngozi kwa majina ambayo Kiswahili hakina. Jicho la rangi tunalo tangu zamani. Halijaalikwa kanisani tu. Nyimbo zetu zilialikwa, na leo ngoma na kayamba husikika katika ibada, wala hakuna tena anayeuliza kama ni halali. Zamu ya jicho haijafika bado.

Basi shauri letu kwa wazee wajengao ni hili. Madirisha ya ubavuni yawe mapana, yafunguke, yawe na kioo cheupe, au matofali yenye matundu pale fedha ilipo haba. Hayo ni kwa ajili ya kusoma na kupumua. Kama usharika una uwezo na wapenda rangi, pawe na dirisha moja dogo, la mviringo, juu katika ukuta wa magharibi au wa mashariki, mahali ambapo halimpigi mtu machoni wala halizuii hewa. Dirisha dogo la kazi ya kweli lapita madirisha kumi ya plastiki. Picha yake iwe ya kitu ambacho mtoto wa Ugogo akikiona atasema, Hiki nakijua, kisha aulize, Lakini kwa nini kiko hapa? Mtama ulioiva, mbuyu wenye mizizi, kisima wakati wa kiangazi, mchungaji mwenye fimbo na mgolole. Maandiko yamejaa kondoo, mbegu, visima na njaa. Nchi yetu haina haja ya kuazima mifano.

Na kabla ya kumlipa muuza vioo, wazee waulize maswali manne. Je, tukiliweka dirisha hili, bibi kizee ataweza kukisoma kitabu chake? Je, hewa itapita siku ya watu wengi? Je, yuko miongoni mwetu awezaye kulieleza kwa watoto, na awezaye kulitengeneza likivunjika? Na la mwisho: kama patakuwa na jina chini yake, ni jina la nani? Likiwa ni jina la aliyetoa fedha, na pawe pia na mahali pa waliofyatua matofali, na pa akina mama walioteka maji ya udongo kwa vichwa vyao. Usharika ukiweza kuyajibu maswali hayo yote kwa ndiyo, na utie kioo cha rangi, nasi tutafurahi pamoja nao. Ukishindwa hata moja, na uache tundu wazi mpaka mwaka mwingine wa mavuno mema. Mwanga wa Mungu haudai ada ya kupita.